Nyumba Yako Inatosha Wanyama Wangapi?

Ndugu msomaji, kabla hujasoma zaidi, toka nje kidogo. Simama katikati ya lupango, ukahesabu. Kuku ni wangapi? Bata je? Mbuzi, mbwa, paka, sungura, njiwa? Andika hesabu yao. Kisha ingia ndani, ukahesabu watu wanaolala chini ya paa lako, na hasa watoto wadogo ambao bado wanatambaa. Andika hesabu hiyo pia. Mwisho andika jambo la tatu: wanyama hao wanalala wapi usiku? Shika karatasi yako, maana tutaitumia mpaka mwisho wa somo hili.

Watu wengi wakisikia somo la namna hii, wanadhani hospitali inataka kuwanyang'anya kuku wao. Sivyo. Yai ni chakula kizuri sana kwa mtoto anayekua. Mbuzi ni akiba ya nyumba. Siku mtoto akifukuzwa shuleni kwa kukosa feza ya masomo, mbuzi huyo ndiye anayemrudisha darasani. Mbwa analinda mlango. Paka anakamata panya. Hatusemi kwamba mnyama ni mbaya. Tunauliza neno moja tu: ni wakati gani wanyama wamezidi?

Mfano wa nyumba moja

Tuwaze nyumba moja hapa Kalemie. Si nyumba ya mtu fulani. Ni mfano tu, lakini huenda utaona inafanana na ya jirani yako, au na yako mwenyewe.

Zamani watu hawa walikaa chini, karibu na ziwa. Unakumbuka jinsi maji ya Tanganyika yalivyopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yakaingia katika nyumba za watu. Baba huyu alihama na jamaa yake, akapanga vyumba viwili mahali pa juu. Nyumba imekuwa ndogo, lakini wanyama ni wale wale: kuku 14, bata 4, mbuzi 3, paka 1, na mbwa jike 1 aliyezaa watoto 6. Watu ni 8: baba, mama, watoto 5, na mama mzee aliyemzaa baba.

Kwa ajili ya wezi, kuku na bata wanalala jikoni. Watoto wawili wanalala humo humo, kwenye mkeka. Mbuzi wanafungwa ukutani chini ya dirisha. Mtoto mdogo ana miezi 10; anatambaa, anaokota kila kitu, anatia mdomoni. Katika miezi mitatu ameharisha mara nne. Mama anataka wanyama wapunguzwe. Mama mzee anakataa, anasema, "Wanyama hawa walitutunza siku za maji. Mkiwauza, mtakula nini siku ya taabu?" Baba anakaa kimya, maana anaona wote wawili wanasema kweli.

Basi, tumsaidie baba huyu kuamua. Hataamua kwa hasira, wala kwa kumfuata anayesema kwa sauti kubwa. Ataamua kwa hesabu.

Vipimo kwanza

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 6, Nuhu alipewa kwanza vipimo vya safina: urefu, upana na kimo. Baadaye ndipo alipoambiwa habari za wanyama watakaoingia. Kisha akaambiwa akusanye chakula chake na chao. Sisi mara nyingi tunageuza mpango huo. Tunaleta wanyama kwanza, halafu tunatafuta mahali, na chakula tunakifikiri mwisho. Tujifunze kwenda kwa utaratibu.

Hesabu ya kwanza: mahali pa kulala

Kila mnyama anahitaji mahali pake, na mahali hapo pasiwe pale anapolala mtu. Pima banda la kuku: mita mraba 1 inatosha kuku wakubwa 4 au 5 kulala. Banda la mita 2 kwa mita 1 ni mita mraba 2, basi linatosha kuku 8 mpaka 10. Ukitia 20, watakanyaga mavi, watavuta hewa mbaya, watadonoana, na ugonjwa wa mmoja utakuwa wa wote. Mbuzi mmoja mkubwa apewe kama mita mraba 1 na nusu. Mbuzi 3 wanahitaji banda la mita 3 kwa mita 1 na nusu.

Utasema, "Nikiwaweka nje, mwizi atawachukua." Neno hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Lakini kati ya kulala na kuku na kuibiwa kuku kuna njia ya tatu. Jenga banda lililoshikana na ukuta wa nyumba, upande ule unapolala baba. Sakafu yake iinuliwe kidogo, mavi yaanguke chini. Mlango wake uwe mgumu wenye kufuli. Kuku akipiga kelele utasikia, lakini mavi yake hayatafika kwenye mkeka wa mtoto.

Hesabu ya pili: chakula

Kuku mkubwa hula karibu gramu 100 za chakula kwa siku. Kuku 10 ni kilo 1 kwa siku, kilo 30 kwa mwezi. Kama wanatembea na kuokota wadudu na majani, utawapa kidogo kuliko hapo. Lakini mahali pa juu pasipo na uwanja wataokota nini? Wataingia katika bustani ya jirani, na ugomvi utaanza. Mbuzi naye ataingia katika sombe ya mtu mwingine.

Mbwa hashibi mifupa ya ndakala. Mbwa mwenye njaa huzunguka sokoni na katika majalala, akapigana na mbwa asiowajua. Huko ndiko anakoumwa, na huko ndiko anakopata ugonjwa wa kuuleta nyumbani. Kama bukari ya watoto haitoshi, na mbwa ni watatu, hesabu imekwisha kujibu.

Hesabu ya tatu: uchafu, maji na mikono

Katika mavi ya kuku mna vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoleta kuhara. Mtoto anayetambaa hajui. Anashika chini, anatia vidole mdomoni. Akiharisha mara kwa mara, chakula hakimfai, wala hakui kama inavyompasa. Mama atasema mtoto amerogwa, kumbe ameshika mavi ya kuku.

Hapa Kalemie tunajua sana taabu ya maji. Kipindupindu kimetusumbua miaka mingi kwa sababu maji safi hayafiki katika kila nyumba. Basi fikiri: kama maji ya kunywa na ya kunawa mikono hayatoshi watu, yatapatikana wapi maji ya kunywesha mbuzi na ya kusafisha banda? Hesabu madumu unayochota kwa siku. Toa ya kupika, ya kunywa, ya kuoga, ya kunawa. Yanayobaki ndiyo ya wanyama. Kama hakuna yanayobaki, wanyama wamezidi.

Tena kuna funza, ambaye wengine humwita tekenya, yule mdudu anayeingia katika vidole vya miguu. Je, unajua kwamba zamani hakuwa huku kwetu? Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa Angola kwa meli iliyotoka Brazili. Akasafiri katika miguu ya wapagazi na misafara, akapita Kongo, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika pwani ya mashariki. Hakukaa katika miguu ya watu tu. Anakaa hata katika miguu ya mbwa, nguruwe, paka na panya. Anapenda vumbi kavu la sakafu ya udongo, hasa pale mtu na mnyama wanapolala pamoja. Ukimtoa funza katika mguu wa mtoto na kumwacha katika mguu wa mbwa, kesho atarudi kwa mtoto.

Nguruwe naye asiachwe kuzurura. Akila mavi ya watu, hupata mayai ya tegu. Mtu akila nyama yake isiyoiva, tegu hukaa tumboni mwake. Kisha mayai yanayotoka kwa mtu huyo, yakiingia katika chakula au maji, huweza kufanya vivimbe katika ubongo na kuleta kifafa. Nguruwe afungiwe, na watu wote watumie choo.

Mama mwenye mimba asiguse mavi ya paka. Kuna kidudu humo kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, naye anawe mikono kwa sabuni.

Hesabu ya nne: chanjo

Hii ndiyo hesabu ambayo watu huisahau, nayo ndiyo inayoua.

Kichaa cha mbwa huingia katika mwili wa mtu kwa mate ya mnyama mgonjwa, akiuma au akilamba kidonda. Ugonjwa hutulia kwa majuma, hata miezi. Lakini dalili zikishaanza, yaani mtu anahangaika, anashindwa kumeza, anaogopa hata maji katika kikombe, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Na karibu wote waliumwa na mbwa.

Lakini ugonjwa huu unazuilika. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule hakuugua, akaishi hata akawa mtu mzima. Na karibu nasi, katika kisiwa cha Pemba, kuchanja mbwa kwa wingi kuliuondoa ugonjwa huu. Mwaka 2016 ulirudi kwa mbwa walioletwa kutoka nje. Watu wakachanja tena, na mwaka 2018 ukaondolewa tena. Wataalamu wanatufundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Basi jiulize: je, ninaweza kumchanja kila mbwa na kila paka wangu, kila mwaka? Kama unaweza kulipa chanjo ya mbwa mmoja tu, wewe ni mtu wa mbwa mmoja. Wa pili si mlinzi wa nyumba yako tena. Ni hatari kwa nyumba yako na kwa watoto wa jirani.

Na mtoto akiumwa, usitie mafuta, wala majivu, wala dawa ya miti. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa. Kisha mpeleke kituo cha afya au hospitali siku ile ile, apewe chanjo kwa siku zote zitakazopangwa. Usingoje kuona kama ataugua. Mbwa, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku 10.

Kuku nao wana ugonjwa wao, ule unaowapindisha shingo na kuwaua wote kwa siku chache. Wengine huuita kideri, wengine mdondo. Kuna chanjo ya tone moja jichoni, ambayo hurudiwa kila miezi 4. Uliza kwa daktari wa wanyama. Kuku 8 waliochanjwa watakupa mayai mwaka mzima. Kuku 30 wasiochanjwa wanaweza kuisha katika juma moja. Ni nani tajiri kati ya hao wawili?

Hesabu ya tano: wale ambao hawajazaliwa

Usihesabu wanyama ulio nao leo tu. Hesabu na wale wanaokuja. Mbwa jike hubeba mimba karibu siku 63, naye anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akizaa 6 kila mara, ni 12 kwa mwaka mmoja. Sungura hubeba mimba siku 31 tu. Kuku hulalia mayai siku 21. Mtu aliyeleta sungura wawili mwezi wa kwanza asishangae kuona amejaa mwezi wa sita.

Kwa hiyo tenga dume na jike, au umwombe daktari wa wanyama amhasi mbwa wako. Mbwa aliyehasiwa bado analinda nyumba, naye hazunguki sana usiku. Na mayai ya kuku, mengine yaache yalaliwe, mengine wape watoto wale.

Wanyama wa porini

Hapa jibu ni fupi. Nyani, tumbili, sokwe, na kasuku wa kijivu wa porini: hesabu yao nyumbani mwako iwe sifuri. Tumbili mdogo anachekesha. Akikua anauma, na magonjwa yake huweza kupita kwa mtu, na ya mtu kwake. Sisi wa Kongo tunaujua ugonjwa wa mpox, ambao zamani uliitwa ndui ya nyani. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, katika Equateur, mwaka 1970, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari ya ulimwengu wote kwa ajili ya ugonjwa huo. Unatoka kwa wanyama wa porini, tena si nyani tu, hata wanyama wadogo wa jamii ya panya na kindi. Habari za kasuku nazo: mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Na huko Lubumbashi, tangu mwaka 2006, kuna kituo kiitwacho J.A.C.K. kinacholea sokwe walionyang'anywa kwa wafanya biashara. Mtu akikuuzia mnyama wa namna hii, usinunue hata kwa kumhurumia, maana kesho atakwenda kukamata mwingine.

Wakizidi, tufanye nini?

Usiwatupe. Watoto wa mbwa waliotupwa sokoni au kando ya ziwa hawapotei. Wale wanaoishi hukua bila chanjo wala mwenyewe, na siku moja wanamuuma mtoto njiani. Usiwawekee sumu, sumu haichagui, inaweza kumpata hata mtoto. Uza wale wanaouzika wangali wazima na wanono. Wape wengine kwa mtu mwenye mahali na moyo wa kutunza, kisha umwambie wazi habari ya chanjo. Na yule unayebaki naye, mtunze kabisa. Mithali, sura ya 12, inatufundisha kwamba mtu mwenye haki huangalia maisha ya mnyama wake. Huwezi kuangalia maisha ya wale usioweza hata kuwahesabu.

Turudi kwa baba yule

Alichukua karatasi. Mahali: nyuma ya nyumba palikuwa na nafasi ya banda la kuku la mita mraba 2, na la mbuzi la mita mraba 3. Basi kuku 8, mbuzi 2. Maji: bata wanachafua maji mengi, na maji hayakutosha. Basi bata hakuna. Chanjo: feza ya mbwa mmoja. Basi mbwa jike abaki, achanjwe na kuhasiwa. Watoto wake 6, wakishaacha kunyonya, wapewe watu watakaowachanja. Paka abaki, maana panya ni wengi, naye achanjwe.

Kisha alimwendea mama yake kwa heshima, akaketi karibu naye, akamsomea hesabu. Akasema, "Mama, umesema kweli, wanyama hawa walitutunza. Sitawamaliza. Nitauza mbuzi mmoja, bata wote na kuku sita. Feza yake itajenga mabanda mawili yenye kufuli, italipa chanjo, na itakayobaki ni ya masomo ya watoto. Mbuzi wawili wanabaki kuwa akiba yetu. Lakini mjukuu wako hawezi kungoja." Mama mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Usiuze yule mweupe." Wakamwacha yule mweupe.

Wewe je? Chukua karatasi yako sasa, ujibu maswali haya pamoja na watu wa nyumba yako:

1. Je, kuna mtu anayelala chumba kimoja na kuku, mbuzi au mbwa?
2. Je, kila mnyama anakula kila siku bila kupunguza chakula cha watoto?
3. Je, maji na sabuni vinatosha kunawa mikono kila baada ya kushika wanyama, na kabla ya kula?
4. Je, kila mbwa na paka amechanjwa katika miezi 12 iliyopita?
5. Je, unajua watakaozaliwa mwaka huu watakwenda wapi?
6. Je, kuna mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kuwatazama kila asubuhi?

Kama jibu la swali la kwanza ni "ndiyo", anza na banda leo. Kama katika maswali mengine umejibu "hapana" hata mara moja, wanyama wako wamezidi, hata kama ni wawili tu. Kama umejibu "ndiyo" katika yote hayo, basi hawajazidi, hata kama jirani anakucheka kwa wingi wao. Hesabu iliyo njema ni ile unayoweza kuitunza.